Qashqai kuhamia rimu za 17: sensa za upepo nihamishe au ninunue mpya?

Shangani_Mtw: Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Nissan Qashqai ya 2015, imetoka Uingereza. Natoa tairi za 225/45R19 naweka 215/60R17, maana tairi nyembamba hazidumu kwenye mashimo ya njia za Newala. Rimu za zamani zina sensa za upepo ndani, zile zinazopima upepo wa tairi na kulitumia gari taarifa. Nizihamishe? Na kazi hii inaisha hapahapa Mtwara au ni mpaka Dar?

Fundi_Ligula: Mkuu, usizihamishe. Betri ya sensa imefungiwa ndani ya plastiki, haibadilishwi, na huishi kama miaka 5 hadi 10. Za 2015 zimeshamaliza umri. Ukizirudishia, muda si mrefu tairi zitatolewa tena na utalipa ufundi mara mbili. Chukua 4 mpya za 433 MHz, yaani masafa ya redio ambayo sensa inatumia kuongea na gari. Zipo na za 315 MHz, kwa macho zinafanana kabisa, ila gari lako halitazisikia.

Kuhusu Dar, gari halina haja ya kwenda. Kila sensa ina namba yake, na kontroli boksi (kompyuta ya gari inayopokea taarifa za sensa) inasikiliza zile 4 ilizosajiliwa tu. Tairi zikishatolewa, futa vumbi kwenye sensa za zamani, piga picha namba iliyochapwa juu yake, andika na ilipokaa: mbele kushoto, nyuma kulia, hivyo hivyo zote. Hata betri ikiwa imekufa, namba bado inasomeka. Mara nyingi ni tarakimu zilizochanganyika na herufi A hadi F, kwa hiyo angalia sana B na 8 zisipishane. Mtumie muuzaji wa Dar mwenye sensa tupu zinazoandikwa kwa mashine; atanakili namba zilezile kwenye mpya na kukutumia kwa basi. Ukifunga, gari linazipokea kama zake. Zile za zamani usizibebe kwenye buti: yenye betri hai itatuma taarifa kwa namba ileile na kuvuruga usomaji.

Pwani_Lindi: Hapo kwenye namba umemaliza. Mimi naongezea vali, kwa sababu huku pwani ndipo panapoharibika zaidi. Shina la vali la sensa nyingi ni alumini. Sindano ya ndani, ile inayozuia upepo usitoke, lazima iwe iliyopakwa nikeli. Ukiweka ya shaba ya kawaida, chumvi ya hewa ya baharini inafanya metali hizo mbili zilane, sindano inaganda, na siku ya kuitoa shina linakatika. Kifuniko nacho kiwe cha plastiki, si cha shaba.

Nati ya vali ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilicho kwenye karatasi ya sensa. Nyingi ziko kati ya 4 na 8 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), ni kidogo sana. Akikaza kwa nguvu za mkono, mpira wa kuzuia upepo unapondeka au shina linapasuka. Kwenye mashine, koleo la kubandulia tairi lishuke mbali na vali, kwani sensa imekaa nyuma yake tu. Na gundi ya pancha ya kumiminwa usiruhusu, inaziba tundu la kupimia.

Shangani_Mtw: Asanteni sana. Zikishafungwa, nitajuaje kama zimekubali?

Fundi_Ligula: Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva. Ukijaza mchana tairi zikiwa za moto, kesho alfajiri zitasoma pungufu: kila nyuzi 6 hivi za joto ni karibu psi 1. Kisha endesha dakika 20, toka mjini kuelekea Mikindani, maana sensa huamka gari likitembea. Taa ya upepo kwenye dashibodi ikiwaka moja kwa moja, kuna tairi lenye upepo mdogo. Ikipepesa kama dakika moja ndipo itulie ikiwa inawaka, kuna sensa haisikiki: anza kwa kulinganisha namba na zile picha.