Kiingereza: "is" au "are" kiima kikiwa kirefu?

Mtembeza_Wageni, Bagamoyo
Wakuu, naandaa maelezo ya Kiingereza kwa wageni wa magofu ya Kaole. Kuongeza "s" kwa he na she si tatizo. Hizi tatu zimerudi na wino mwekundu bila maelezo:
1. The number of visitors have increased.
2. The guide, together with two drivers, are waiting.
3. This is one of the tombs that stands near the mosque.

Ticha_Ngamiani
Ya 1 Kiswahili chako kinaijua tayari. Husemi "idadi ya wageni wameongezeka". Ni "imeongezeka", kitenzi kinafuata idadi. Kwa hiyo "has increased". Tenga la machungwa ya Muheza limefika: li- ni ya tenga, basi "The basket of oranges has arrived". Kinachoponza ni "visitors" kukaa ubavuni mwa kitenzi, sikio likadhani ndiyo kiima.

Ila "a number of visitors" ni wageni kadhaa, nao wamefika: "have arrived". Angalia kama mbele ni "a" au "the".

Ya 3, tazama kirejeshi: "mojawapo ya makaburi *yaliyo* karibu na msikiti". Ya- inarudi kwa makaburi, kwa hiyo "tombs that stand". Ukisema "kaburi pekee *lililo* karibu", umerudi kwenye umoja: "the only one of the tombs that stands".

Mkonge_Mkavu
Ticha, kipimo hicho kinakwama kwenye ya 2. Kwetu "kiongozi pamoja na madereva wawili wanasubiri" haimshtui mtu. Kiingereza hakihesabu hivyo: "together with", "along with" na "as well as" hazijumlishi. Funika kwa kidole yote yaliyo kati ya mikato miwili, usome kilichobaki: "The guide is waiting". Mimi ningeandika tu "The guide and two drivers are waiting", mikato yote ikaondoka.

Mtego mwingine wa nyumbani ni taarifa. Kwetu zinahesabika, kwao "information" haina wingi, kama "luggage" na "equipment". "News" ina "s" lakini ni "is". "Police" haina, lakini ni "are", sawa na polisi wamefika.

Mtembeza_Wageni
Shukrani. Na "neither the guide nor the drivers"?

Ticha_Ngamiani
Hapo sasa jirani ndiye anayeamua. "Neither the guide nor the drivers are here". Ukigeuza, "neither the drivers nor the guide is here". Zote sahihi, ila wingi ukikaa mwisho sentensi inateleza vizuri zaidi. "Either… or" ni hivyo hivyo.

Pwani_Sarufi
Kwa "team" na "family", Waingereza husema "are" wakiwafikiria watu mmoja mmoja. Wamarekani hushika "is". Chagua mmoja usichanganye kwenye ukurasa uleule.

Na bei, kwa kuwa lazima utaitaja: shilingi elfu ishirini kwetu *zinatosha*, kwao ni kiasi kimoja, "Twenty thousand shillings is enough". Zikiwa noti mezani, unazihesabu: "Four notes are missing".