Mafundi kompyuta, acheni kuua madabodi kwa kapasita za redio!

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitazungusha maneno. Mtu anapeleka kompyuta ya mezani kwa fundi: inajizima ikipewa kazi nzito, asubuhi haiwaki mpaka ibonyezwe mara nne mara tano, ikishapata joto inatulia. Fundi anapiga Windows upya. Ikirudi, anauza RAM. Ikirudi tena, anabadilisha powa saplai. Kifuniko kimefunguliwa mara zote hizo, na kwenye madabodi, yaani bodi kuu, pembeni ya prosesa, kapasita nne (vile vidude vya silinda vinavyohifadhi umeme) zimetuna vichwa, moja imetoa ute wa kahawia, hakuna aliyeziona. Au ameziona, halafu akafanya baya zaidi: kazing'oa na kupachika zozote zilizokuwa kwenye kopo lake.

Hilo la kopo ndilo linaloua bodi ambazo zingepona.

Prosesa inakula volti 1 na ushei kwa makumi ya ampea. Umeme huo unatoka kwenye volti 12 zinazokatwakatwa zaidi ya mara laki mbili kwa sekunde, na kapasita ndizo zinazoulainisha. Kwa kasi hiyo, kusoma maikrofaradi (µF, kiasi cha umeme inachohifadhi) na volti peke yake hakutoshi. Kinachoamua ni ukinzani wa ndani, yaani ESR. Kapasita zilizotengenezwa kwa ajili ya madabodi, kama Nichicon HM na HN au Rubycon MBZ na MCZ, zina miliomu (elfu moja za omu, kipimo cha ukinzani) kati ya 10 na 25 hivi. Ile ya kawaida uliyoichomoa kwenye redio au TV ya chogo, hata ikiwa imeandikwa 1500µF 6.3V vilevile, inaweza kuwa na miliomu 100 na zaidi. Inachemka kutoka ndani, inatuna upya, na safari hii inaondoka na mosfeti, yaani transista inayokatakata umeme huo.

Halafu tunaambiwa, "Nimeipima na multimita, nzima hii, inasoma 1500." Multimita inapima polepole, haioni ESR. Kapasita inayovujisha umeme inaweza hata kusoma juu ya kiwango ilichoandikiwa! Tena ukipima ikiwa bado kwenye bodi, jirani zake zimeungwa sambamba nayo, unazisoma zote kwa pamoja. Ing'oe, pima kwa mita ya ESR. Na kichwa bapa si cheti cha uzima: nyingine huvujia chini kwenye raba, nyingine hukauka bila kutuna kabisa.

Jambo jingine ni joto. Fanyeni hesabu. Kapasita iliyoandikiwa maisha ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha maradufu kila joto likishuka nyuzi 10, kwa hiyo kwenye nyuzi 65 inafika saa 32,000 hivi. Ya nyuzi 85 yenye saa hizohizo 2,000, mahali palepale, inapata 8,000. Kwa steshenari inayowasha mashine saa 12 kwa siku, hiyo haifiki miaka miwili, na bado hatujaweka joto la ESR yake mbovu. Mteja anaambiwa "umeme wa TANESCO umeiua". Uongo mtupu.

Tusijifanye hatujui mzizi wa tatizo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko lilijaa kapasita zenye elektroliti (majimaji ya ndani) mbovu ya maji, isiyo na kinga ya kutosha dhidi ya kutu ya alumini. Ndani ikazalika haidrojeni, zikavimba na kupasuka. Hata majina makubwa hayakupona: kompyuta za Dell OptiPlex GX270 zilikuwa na kapasita za Nichicon zenye kasoro, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Mashine za enzi hizo na zilizofuata zililetwa kwetu kama mtumba, na nyingine zinauzwa mpaka leo bila muuzaji kumulika tochi ndani.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha bodi kabla ya kugusa kitu. Mstari kwenye kapasita ni hasi, lakini rangi iliyochapwa kwenye bodi usiiamini: bodi nyingi hupaka upande wa hasi, zipo zinazopaka chanya. Ukigeuza, italipuka usoni.

Kung'oa ndipo bodi nyingi zinapofia. Bodi ina matabaka ya shaba ndani, na mguu wa hasi umeshikana na shaba pana inayonyonya joto. Pasi ya kulehemu ya wati 30 haiwezi. Inaunguza tu juu huku lehemu ya ndani bado imeganda. Tumia ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana, weka fluksi (dawa ya kusaidia lehemu kutiririka), kisha ongeza lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37) juu ya ile ya kiwandani. Isiyo na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, 63/37 kwenye 183, na zikichanganyika zinalegea mapema. Pasha mguu mmoja, ilaze kapasita kidogo upande mmoja, hamia mguu wa pili, rudia. USIVUTE. Ukivuta, unatoka na bomba la shaba lililo ndani ya tundu, na muunganiko wa tabaka la kati umekufa. Hapo hakuna waya wa kurukia utakaokuokoa. Ute uliovuja usafishe kwa alkoholi ya isopropili kabla ya kupachika, maana unakula shaba.

Kwenye volti za prosesa, kapasita ya polima (isiyo na majimaji ndani) ndiyo bora: penye 1500µF, polima ya 560 au 820µF 6.3V inatosha kwa kuwa ESR yake ni miliomu 7 hivi. Panasonic FM na FR ni nzuri kwa powa saplai. Pale kwenye prosesa zinaweza kuwa dhaifu kuliko za asili. Upande unaoingia volti 12 weka 16V, kamwe si 6.3V. Regyuleta (vidhibiti volti) ndogo za zamani, kwa mfano karibu na RAM, ziache na kapasita za elektroliti, baadhi huyumba zikipewa ESR ndogo mno. Na badilisha kundi zima la kapasita zinazohudumia njia moja ya volti. Zilizobaki zimepita joto lilelile.

Mteja, kabla hujalipa: omba kapasita za zamani mkononi, soma jina la aina kwenye mpya, hakikisha limeandikwa 105°C, na mwambie fundi aendeshe Memtest86 (programu ya kupima RAM) mizunguko miwili ukiwa hapohapo. Akikataa, usilipe.