Mji mdogo Marekani ni salama kuliko Chicago? Tuijadili Lewiston, Maine

Kibatari:
Wakuu, salaam. Shemeji yangu yuko Chicago na mke na watoto watatu. Amechoka kulala huku anasikia risasi, sasa anataka kuhamia Lewiston, jimbo la Maine, kamji ka watu 37,000 hivi. Anasema huko watu wanalala milango wazi. Nikakaa na kalamu. Tarehe 25 Oktoba 2023 waliuawa watu 18 Lewiston, usiku mmoja. Ukipiga kwa kila watu 100,000 inakuja 48 na ushei. Chicago mwaka huohuo waliuawa zaidi ya 600 kati ya watu milioni 2.7, yaani kama 23. Kwa hiyo mji mdogo ni hatari mara mbili. Anayepinga aje.

Fundi Saa:
Nimekuja. Hesabu umeipatia, jibu umelikosa. Kwenye mji wa watu 37,000, maiti mmoja tu anapandisha kiwango kwa 2.7. Wakifa wawili umeshafika wastani wa Marekani nzima. Mwaka asipouawa mtu, sifuri. Chora grafu ya miaka kumi uone, ni meno ya msumeno. FBI wenyewe wanaokusanya hizo namba wanaonya watu wasiipange miji kama msimamo wa ligi. Tena Maine, ambayo ina watu milioni 1.4, ni kati ya majimbo yenye uhalifu mdogo kabisa wa mabavu. Mwaka 2022 jimbo zima liliona mauaji kama 30.

Jogoo la Shamba:
Mnazunguka mbuyu. Miji hiyo ilitulia mpaka wageni walipoanza kumiminika. Semeni.

Mama Wawili:
Jogoo, mimi ni huyo mgeni. Natoka Uvira, Kongo, nikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, leo nakaa Lewiston. Aliyeua wale 18 alikuwa mwenyeji wa hapahapa Maine, mwanajeshi wa akiba, umri miaka 40. Alianza kwenye ukumbi wa boling, kama saa moja kasoro dakika nne jioni, watoto wakiwemo ndani. Dakika 12 baadaye polisi wakapigiwa simu kutoka baa ya upande mwingine wa mji. Pale baa walikufa viziwi wanne waliokuwa kwenye mashindano ya kurusha vifuko kwenye ubao wenye tundu.

Usiku ule tuliambiwa tusitoke nje. Nikazima taa, nikasukuma kabati la nguo mlangoni. Maharage nilikuwa nimeyabandika kwenye preshakuka nikayasahau. Lilipopiga filimbi sote tukalala chini, mimi na wanangu, mpaka mkubwa akatambaa kwenda kuzima jiko. Siku mbili ndani, helikopta juu, mpaka alipokutwa mji jirani wa Lisbon ameshajiua.

Hayo maneno yako kuhusu wageni, hapa si mapya. Wasomali walianza kuhamia 2001. Oktoba 2002 meya akawaandikia wazee wao barua ya wazi, wawaambie wenzao wapunguze kuja. Januari 2003 wabaguzi wa rangi wakaitisha mkutano, wakapatikana watu wachache tu. Siku hiyohiyo maelfu walijaa Chuo cha Bates kuwapinga. Sisemi vijana wetu ni malaika. Juni 2018 mtu alikufa kwenye ugomvi wa usiku karibu na bustani ya Kennedy Park, na mji ulichafuka kweli. Lakini huyo ni mmoja.

Jogoo la Shamba:
Pole kwa yaliyokukuta, dada. Basi kama si wageni, ni nini?

Fundi Saa:
Soma ripoti ya Agosti 2024 ya tume iliyochunguza mauaji hayo. Mke wa zamani wa yule mtu na mwanawe waliwaambia polisi tangu Mei 2023 kwamba akili haiko sawa na ana bunduki. Julai akalazwa hospitali. Septemba mwanajeshi mwenzake akaonya kwamba anaweza kuua watu kwa wingi. Wakati ule sheria ya Maine ilitaka polisi wamshike kwanza, daktari ampime, ndipo jaji aamue kuhusu bunduki. Tume ikasema polisi walikuwa na sababu za kutosha kumshika. Hawakumshika. Novemba 2025 wananchi wakapiga kura, sasa familia inaweza kwenda mahakamani moja kwa moja kuomba mtu wao aondolewe bunduki.

Mama Wawili:
Na muongeze hili: miaka nenda miaka rudi, karibu nusu ya mauaji ya Maine ni ya majumbani. Mume na mke, ndugu kwa ndugu. Milango wazi au imefungwa, hapo haisaidii.

Jogoo la Shamba:
Fundi, bado hujanibana. Wale 18 unawaweka kando kwa sababu ni tukio la mara moja. Na mimi nikiweka kando magenge ya Chicago, je? Si nayo itakuwa salama?

Fundi Saa:
Swali zuri, kusema kweli. Tofauti ni kwamba ya Chicago yanajirudia kila mwaka. Ila umenikumbusha kitu: yanajirudia kwenye mitaa ilelile, kusini na magharibi. Kuna mitaa ya Chicago ambayo mwaka mzima unaweza kupita bila mauaji hata moja. Tunalinganisha mji na mji wakati mtu anaishi mtaani. Kibatari, shemeji yako anakaa wapi hasa?

Kibatari:
Nilidhani nimeshawaambia. Rogers Park, kaskazini kule.

Fundi Saa:
Rogers Park! Mkuu, huko si Englewood, ule mtaa wa kusini wenye mauaji mengi.

Kibatari:
Lakini risasi anazisikia.

Mama Wawili:
Mwambie anipigie, nitakutumia namba faraghani. Nitamuuliza kwanza kama alishawahi kuishi karibu na wawindaji. Hapa Novemba, msimu wa kulungu, risasi utazisikia pia.