Naomba ushauri: nilipie mechi za GAA (chama cha michezo ya jadi ya Ireland) mtandaoni, au antena na chaneli za bure zinatosha?

MamaNeema_Cork ameandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tano tangu nihamie Cork, kusini mwa Ireland, pamoja na mume wangu na watoto. Binti yetu ana miaka kumi na mmoja na anacheza kamogi, yaani halingi ya wanawake, katika klabu ya mtaani kwetu. Kwa wasioufahamu mchezo huu, ni timu mbili za wachezaji kumi na watano, kila mmoja na gongo lake lenye ncha bapa, wakigombea mpira mdogo wa ngozi ambao hupigwa kwa nguvu iliyonifanya nifumbe macho siku ya kwanza. Mpira ukiingia wavuni ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti, ni pointi moja. Kuanzia Aprili hadi Julai, nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine.

Jambo linalonileta ni hili. Jumamosi moja ya Mei 2024, Cork walicheza halingi na Limerick hapa hapa mjini, katika uwanja wa Páirc Uí Chaoimh. Nilitoka zamu nikikimbilia nyumbani, nikidhani tutawasha RTÉ2, chaneli ya bure ya shirika la utangazaji la taifa, kama tulivyozoea, kumbe mechi ile ilikuwa ya kulipia kwenye GAAGO, huduma ya kutazama mechi mtandaoni. Nikaingiza namba za kadi, nikakosea, nikarudia, nikakosea tena, na muda ulikuwa unakwenda. Mwishowe mume wangu akafungulia redio. Cork walishinda 3-28 kwa 3-26 (yaani goli tatu na pointi 28, kwa goli tatu na pointi 26) kwa penalti ya Patrick Horgan katika dakika za nyongeza, na sisi tuliisherehekea penalti hiyo tukiwa tumeikodolea macho redio, kana kwamba ingetuonyesha kitu.

Sasa msimu mwingine unakaribia na binti ameanza kuniuliza mapema. Jirani yetu, mzee aliyemletea gongo lake la kwanza, ananiambia nisitoe hata senti kwa kuwa mchezo huu ni wa wananchi. Mwenzangu kazini ananiambia nilipie tu, kwani bila hivyo nitakosa mechi zilizo tamu zaidi. Je, ninyi mnaoishi huku mnafanyaje? Naomba ushauri wenye hesabu ndani yake, maana mapenzi ya mchezo tunayo ya kutosha.

---

Bwana_Antena (Limerick) amejibu:

Dada MamaNeema, pole kwa usiku ule, ingawa sisi wa Limerick ndio tuliostahili pole zaidi.

Kabla ya kulipia chochote, hakikisha kwanza kwamba unapata vilivyo bure. Watu wengi hapa hulipia king'amuzi kila mwezi ili kuona chaneli ambazo zingeingia kwa antena ya kawaida. Mfumo wa Saorview, yaani televisheni ya bure kwa antena, hauna ada ya mwezi, na ndani yake utazipata RTÉ One, RTÉ2 na TG4. Unachodaiwa ni leseni ya televisheni, yuro 160 kwa mwaka, nayo unatakiwa kuilipa maadamu una seti ya televisheni nyumbani, hata kama hutazami halingi kabisa.

Kwa antena hiyo utaona mechi nyingi za Jumapili, fainali za majimbo kama ile ya Munster, nusu fainali na fainali za Ireland nzima. Fainali mbili za wakubwa, ya halingi na ya soka la Kigaeli (soka la Ireland ambalo mpira hushikwa pia kwa mikono), zinalindwa na sheria: zimo katika orodha ya matukio makubwa ambayo ni lazima yaonyeshwe bure kwa umma, kwa hiyo kwa hizo usiwe na wasiwasi. Jumapili usiku kuna The Sunday Game, kipindi kilichoanza mwaka 1979, kinachokupa muhtasari hata wa mechi zilizokuwa za kulipia.

Na tafadhali usiidharau TG4. Hiyo ndiyo inayoonyesha ligi za mwanzo wa mwaka, mechi za klabu, na soka la wanawake ambalo imelibeba tangu 2001. Watangazaji wake husema Kiayalandi mwanzo hadi mwisho. Mimi sikuwa na neno hata moja, lakini sasa nikisikia "cúilín" ninajua imefungwa pointi kabla sijageuza shingo.

---

Mkazi_wa_Ennis amejibu:

Ninakubaliana na Bwana Antena kwa mengi, lakini ameliruka swali lenyewe. Mama Neema hakuuliza kuhusu fainali. Ameuliza kuhusu zile Jumamosi.

Ni vizuri kuelewa tulifikaje hapa, kwa sababu watu wanaongea kana kwamba malipo yaliingia jana. Kuanzia 2014 hadi 2022 baadhi ya mechi zilikuwa Sky Sports, na asiyekuwa na kifurushi hicho hakuziona. Mwaka huo huo wa 2014, RTÉ na GAA walianzisha GAAGO kwa ubia, ikilenga watu walio nje ya nchi. Sky walipoondoka, GAAGO ikachukua nafasi yao ndani ya Ireland kuanzia 2023, ikiwa na mechi 38 ambazo hazikuonekana kwingine, kwa yuro 12 kwa mechi moja au yuro 79 kwa msimu. Hapo ndipo kelele zilipoanza, kwani michezo mikali ya Munster iliangukia upande wa kulipia. Hata Micheál Martin, wakati huo Naibu Waziri Mkuu na mtu wa Cork mwenyewe, alilalamika hadharani. Baadaye RTÉ wakajitoa katika ubia, GAA wakabaki na mali yote, na tangu 2025 huduma hiyo inaitwa GAA+.

Lakini chanzo cha msongamano hakitajwi sana. Zamani fainali zilikuwa Septemba. Sasa ni Julai, ili nusu ya pili ya mwaka iachwe kwa klabu. Mashindano yaleyale, tena yenye mechi nyingi zaidi tangu majimbo ya Munster na Leinster yaanze mfumo wa makundi mwaka 2018, yamebanwa katika wiki chache. Jumamosi moja inaweza kuwa na mechi nne nzuri kwa wakati mmoja. Hakuna chaneli moja ya taifa inayoweza kuzionyesha zote na bado ikapata nafasi ya taarifa ya habari.

Mimi hulipia, na sioni aibu. Wachezaji hawa hawalipwi mshahara. Yule uliyemwona Jumapili mbele ya watu elfu themanini katika uwanja wa Croke Park, Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha. Ninapenda kuamini kwamba sehemu ya fedha yangu inarudi kwenye viwanja vya watoto.

---

Mzee_Chungu (Dublin) amejibu:

Ndugu wa Ennis, "ninapenda kuamini" si hesabu, na dada ameomba hesabu.

Mimi nina shaka na mpango mzima. Halingi si mchezo wa nchi nzima kama soka la Kigaeli. Una nguvu katika kaunti chache tu, nyingi zikiwa za kusini na mashariki. Mtoto wa Cavan au Leitrim ataupendaje ikiwa mechi zilizo moto zaidi anahitaji kadi ya benki kuziona? Mtoto hanunui msimu. Mtoto huwasha televisheni, akakuta kitu, akakaa. Binti yako, dada, aliupenda kwa kuona gongo mkononi mwa jirani. Wengi hawana jirani kama huyo.

Na hao majirani wenyewe, wazee waliosimamia viwanja vya klabu kwa miaka arobaini bila malipo, wengi wao hawana hata anwani ya barua pepe ya kujisajilia. Ninawajua wawili wanaobebwa na wajukuu kila Jumamosi kwenda kuonyeshwa mechi kwenye simu. Simu! Mpira wa halingi kwenye kioo cha simu ni sawa na kumtafuta mbu gizani.

Silipii. Ikiwa mechi ni ya kulipia nami ninaitaka kweli, nitakwenda baa iliyoilipia, ninunue soda moja, niitazame kwenye kioo kikubwa.

---

Mkazi_wa_Ennis amejibu:

Mzee wangu, hoja ya watoto wa Leitrim ninaikubali, na sina jibu lake. Ila ile ya baa, mama mwenye mtoto wa miaka kumi na mmoja aijue sheria: mtoto wa umri huo lazima awe na mzazi au mlezi, na atoke ifikapo saa tatu usiku, isipokuwa kati ya Mei na Septemba ambapo anaruhusiwa hadi saa nne. Mechi inayoanza saa moja jioni inaingia vizuri. Ikienda muda wa ziada, mwanze kuangalia saa.

---

Nesi_wa_Derry amejibu:

Nami nichangie kutoka kaskazini, ingawa mazingira ya huku ni tofauti. Sisi tuko chini ya Uingereza, kwa hiyo leseni yetu ni ile ya BBC, na BBC ya Ireland ya Kaskazini hutuonyesha soka la Kigaeli la jimbo la Ulster bila malipo ya ziada. Fainali ya halingi ya 2024, Clare walipowafunga Cork kwa pointi moja baada ya muda wa ziada, ilionyeshwa BBC Two kwa Uingereza nzima. Dada yangu aliye Leeds alinipigia simu akiuliza ni vita gani ile.

Neno langu kwa MamaNeema ni fupi: kabla ya kulipia, pima intaneti ya nyumbani kwako saa moja jioni siku ya Jumamosi, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kwangu picha ilikuwa ikikwama kila shambulizi likikaribia lango, na jirani mwenye redio alikuwa akishangilia nusu dakika kabla yangu. Nililipia mechi ambayo matokeo yake niliyapata kupitia ukutani.

---

Mswahili_wa_Dubai amejibu:

Niwachekeshe kidogo. Mimi ni Mmombasa, nilianza kucheza soka la Kigaeli huku Ghuba kwa kuburutwa na Waayalandi tunaofanya nao kazi, na sasa niko katika timu ya klabu. Sisi wa nje hatuna mjadala huu, kwa sababu chaneli zenu za bure hazitufikii na programu ya RTÉ ikijua uko wapi inakufungia mechi. Kwa hiyo tunalipia, na tukishalipia tunaziona hata mechi nyingi ambazo ninyi huko mnazipata kwa antena. Saa moja jioni ya kwenu ni saa nne usiku ya kwetu wakati wa kiangazi. Tunakaa watu kumi sebuleni kwa malipo ya mtu mmoja. Fanyeni hivyo huko pia: kaeni pamoja, mchangiane.

---

MamaNeema_Cork amejibu:

Ninawashukuru sana wote, pamoja na Mzee Chungu, ambaye jina lake na majibu yake vinaendana.

Nimekaa na kalamu usiku wa jana baada ya kuwalaza watoto. Katika mashindano ya halingi ya Munster kuna kaunti tano, kwa hiyo Cork wana uhakika wa mechi nne tu, kisha fainali ya jimbo wakifuzu, na fainali hiyo mwaka 2025 tuliiona bure RTÉ2 hadi mikwaju ya penalti. Kwa hiyo hata kama mechi zote nne zingekuwa za kulipia, jambo ambalo halijawahi kunitokea, kwa bei zile za 2023 ningetoa yuro 48. Malipo ya msimu ya yuro 79 yangeanza kunifaa kuanzia mechi ya saba. Anayetaka kuziona Clare, Limerick, Galway na Kilkenny, kila wiki, halingi na soka, huyo alipie msimu bila kusita. Sisi ni watu wa Cork tu, na zamu zangu za usiku hazituruhusu zaidi ya hapo.

Basi uamuzi wangu ni huu: tutaweka antena, ratiba ikitoka nitaziwekea alama Jumamosi za Cork zilizo GAA+, na nitalipia hizo moja moja, kadi ikiwa imeshaingizwa tangu asubuhi ili nisirudie aibu ya 2024. Jirani yetu nitamwalika aje azitazame kwetu. Atakataa mara mbili, kisha atakuja na keki. Redio yake ataiacha kwake, hilo ni sharti.

Wazo la Dubai nimelipenda, ila mwaka 2025 kwenye fainali ya Ireland nzima tulikuwa watu tisa sebuleni. Cork waliingia mapumziko wakiongoza kwa pointi sita, tukaanza kupakua pilau kwa furaha. Kipindi chote cha pili wakapata pointi mbili tu, Tipperary wakamaliza 3-27 kwa 1-18. Pilau ile ililiwa kimya.

Swali la mwisho kwa Bwana Antena: niiweke darini au nje juu ya paa?

---

Bwana_Antena amejibu:

Jaribu darini kwanza, huenda ikatosha na hutahitaji fundi. Kama mko mjini, mnara wenu unaweza kuwa ule wa Spur Hill. Toka nje mchana, tazama antena za majirani zimeelekea wapi na zimelazwa au zimesimamishwa, kisha iweke yako vilevile. Ukiona picha inakatika mvua ikinyesha, ndipo uipandishe juu ya paa. Na usinunue ile ya bei kubwa. Ya kwangu ni ya kawaida kabisa na ina mwaka wa sita sasa.