Mteja ana laki mbili anataka nyumba ya laki tano, mnaongea naye vipi?

Dalali_Kimara
Wakuu habari za leo. Mimi ni dalali barabara ya Morogoro, Ubungo mpaka Mbezi, zaidi nyumba za kupanga. Mteja anapiga simu anataka vyumba viwili kimoja masta, jiko la ndani, fensi, parking, LUKU yake peke yake, maji yasikatike na iwe jirani na kituo cha mwendokasi, ukimuuliza bajeti anasema laki mbili tena alipe mwezi kwa mwezi. Ukimwambia haipo anaona unamdharau, anaenda kwa mwingine anayemwambia "ipo njoo", anazungushwa juani kutwa nzima na hela ya kuonyeshwa ametoa, jioni anasema madalali wote matapeli. Hii kazi naipenda na nataka niifanye kwa jina zuri. Nyie ukweli mnausemaje bila kumpoteza mteja?

mama_tabata
Pole mdogo wangu. Usiishie kwenye "haipo", mwambie hiyo laki mbili inapata nini. Kwamba jirani na kituo ni chumba na sebule, LUKU mnachangia, akitaka vyumba viwili basi tunaingia ndani huko kwa bodaboda. Halafu muulize kati ya yote aliyotaja vitu gani viwili hawezi kuviacha. Mwenye watoto atakwambia maji na fensi, anayewahi kazini Posta atakwambia barabara. Nikishajua hivyo naanza kumwonyesha inayolingana na hela yake hata kama haivutii, baadaye ndo ile iliyozidi kidogo, akishaona kwa macho anapunguza masharti mwenyewe au anaongeza hela.

Na jumla ya kuingilia itaje siku ya kwanza kwenye simu, wengi wanashtukia hapo. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, laki mbili mara sita ni milioni moja na laki mbili, weka mwezi mmoja wa dalali inakuwa milioni moja na laki nne, na kirikuu ya kuhamisha vitu bado.

mzee_wa_viwanja
Afadhali nyie wa kodi. Huku kwetu mtu anaona kiwanja Goba hakijapimwa, kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, anataka hati ndani ya wiki mbili. Mkuu, usiahidi tarehe ya kitu ambacho hukitoi wewe. Kuna mpima, kuna mchoro wa mipango miji, kuna halmashauri, kuna ofisi ya kamishna wa ardhi, kila mahali faili linakaa. Mimi namweleza hatua zote kabla hatujaenda site na kama hawezi kusubiri namtafutia chenye hati tayari, bei iko juu lakini atalala usingizi.

mpangaji_mbezi
Naongea kama mteja. Bei kubwa tunaizoea, kinachouma ni kuambiwa maji yapo halafu unahamia unakuta ya mgao. Dalali aliyenipatia ninapokaa alinitumia WhatsApp mapema kabisa, akasema njia inajaa maji mvua zikinyesha, maji ya bomba sio kila siku ila tenki lipo, na mwenye nyumba anaishi humohumo hataki geti lifunguliwe usiku sana. Nikalipa huku najua kila kitu, na wote kazini wakitafuta nyumba nawapa namba yake.

Dalali_Kimara
Asanteni sana, hiyo ya kuandika kasoro WhatsApp naanza nayo leo. Na mwenye nyumba je? Kuna mmoja kang'ang'ania laki tatu na nusu, wateja wanafika laki tatu wanaishia hapo, nyumba iko tupu.

mama_tabata
Huyo mpigie hesabu. Ikikaa miezi miwili tupu, kwa hiyo laki tatu ya wateja ameshakosa laki sita, na hiyo elfu hamsini anayoing'ang'ania kwa mwaka mzima ni laki sita hiyohiyo. Mtumie kwa meseji asome akiwa ametulia, usimbishie mbele ya mteja maana atakaza tu.