MREJESHO: Skolashipu ya riadha ya dogo Marekani

Wakuu, niliwauliza kama mdogo wangu, mkimbiaji wa mita 1500, anaweza kusomeshwa na chuo Marekani, na kama wakala anayedai milioni mbili "za kushikilia nafasi" ni wa kweli.

Wakala tumemtosa. Kumbe unaweza kumwandikia kocha mwenyewe, na usajili wa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) dogo kaufanya mtandaoni. Kilichotutoa jasho ni vyeti: Divisheni ya Kwanza (daraja la juu la vyuo kimichezo, siyo matokeo ya mtihani) inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3 kati ya 4. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo kabisa, na chuo tulichokuwa tunauziwa ni cha huko huko!

Amepata Divisheni ya Pili, nusu ya ada. Nusu nyingine tunaihangaikia.