Hivi urais unamzeesha mtu kweli au ni macho yetu tu?

mtoto_wa_kikwajuni

Asalaam aleikum wana jukwaa. Kuna kitu kinanishughulisha nataka tukijadili kwa utulivu, mambo ya vyama tuyaweke pembeni kidogo.

Ofisi ninayofanya kazi ukutani zimetundikwa zile picha mbili kama ofisi zote za serikali, Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar. Zile picha zinapigwa mtu ndo kwanza anaingia madarakani, halafu zinakaa pale pale miaka mitano mpaka kumi, kioo kinashika vumbi, pembeni karatasi inaanza kuvimba kwa unyevu wa bahari lakini sura iliyomo ndani ni ile ile. Usiku ukiwasha televisheni ya ZBC unamuona mwenyewe hasa na unajiuliza huyu ndo yule wa ukutani? Nimeliona hili tangu nna akili zangu, kwa zaidi ya rais mmoja. Na si kwetu tu, Obama kila mtu anakumbuka alivyoingia na kichwa cheusi na alivyotoka.

Kuna daktari mmoja wa Marekani, Michael Roizen, alisema kila mwaka mmoja wa ikulu ni sawa na miaka miwili ya mtu wa kawaida. Sasa kama ni hivyo mbona Mzee Mwinyi kafa na miaka 98? Mbona Mzee Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, kafika 96? Hawa wote wamekaa kwenye kiti na si kipindi rahisi walichokaa. Mwenye elimu ya haya atufafanulie.

nesi_wa_chake

Waaleikum salaam. Mie ni muuguzi, niko Pemba. Hapo umechanganya vitu viwili, sura na umri, na havendi pamoja kama tunavodhani.

Tuanze na sura. Obama kaingia Januari 2009 ana miaka 47, katoka 2017 ana 55. Sasa mtizame ami yako yeyote baina ya 47 na 55, hata kama hajawahi kuwa sheha, ndo wakati wake wa mvi huo. Tofauti ni kwamba ami yako hapigwi picha kila siku ya Mungu.

Lakini sisemi msongo haufanyi kitu kwenye nywele. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walifanya majaribio kwa panya, wakawatia dhiki, wakaona neva zinamwaga noradrenalini, kemikali ya mwili ya wakati wa dhiki, pale kwenye mzizi wa unywele na zile seli zinazohifadhi rangi zinaamka zote kwa mpigo mpaka zinakwisha, na zikishakwisha hazirudi. Panya si binadamu, lakini njia yenyewe sasa inajulikana.

Umri ndo kuna ubishi. 2011 mtafiti Olshansky wa Chicago aliwachukua marais wa Marekani waliokufa kwa maradhi, waliouawa akawatoa, wakabaki 34. Akakuta 23 kati yao waliishi kuliko walivyotarajiwa kuishi wanaume wa rika lao. Ndo ujue wale ni watu waliosoma, wana pesa, wana madaktari, na asiyekuwa na afya hafiki hata kwenye kampeni. Kwa hiyo ukimlinganisha rais na mtu wa kawaida unakuwa hujalinganisha. 2015 wakaja wengine kwenye jarida la tiba la BMJ wakafanya kitu cha busara zaidi, wakawalinganisha walioshinda uchaguzi na walioshindwa, mana hao wote ni watu wa aina moja. Nchi 17, walioshinda 279, walioshindwa 261, hesabu zinaanzia 1722. Umri wao ukishawekwa sawa, walioshinda na kuongoza waliishi pungufu ya miaka 2.7. Si miaka miwili kwa kila mwaka mmoja kama alivosema Roizen, lakini miaka 2.7 ya roho ya mtu si kidogo.

Mie kinachonitisha si mvi, ni presha. Mtu unamfunga kile kitambaa mkononi, unapampu, anakwambia nesi mie sina kitu nimechoka tu, na mashine inakusomea 180 na ngapi. Rais Roosevelt wa Marekani alikuwa hivyo hivyo. Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima akakuta 186 kwa 108 na moyo umeshaanza kushindwa kazi. Na Vita vya Pili vya Dunia vinaendelea. Mwaka huo huo kagombea muhula wa nne na kashinda, Februari 1945 kasafirishwa mpaka Yalta kukutana na Stalin na Churchill, tarehe 12 Aprili damu imevuja kwenye ubongo kafariki, miaka 63. Wakati ule dawa za presha za maana hazikuwepo. Leo zipo, na bado wapo watu wakubwa hawataki kupimwa ati isije ikajulikana wanaumwa!

baraza_la_ngambo

Dada nesi umefahamisha vizuri sana ila kuna jambo moja, hizo nywele pia si ushahidi kwa sababu wengine wanatia piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Unaweza ukamuona mtu miaka kumi kichwa cheusi tii ukasema huyu kazi haimchoshi, kumbe ni piko kila wiki. Mie hutizama mikono na shingo, huko hakuna pa kuficha.

Na mbona hamumtaji Magufuli? Kafa na miaka 61, yuko kazini, na 2015 tulimuona anapiga pushapu jukwaani.

nesi_wa_chake

Allah amrehemu. Mama Samia mwenyewe alipotangaza kifo chake Machi 2021 alisema ni maradhi ya moyo na alikuwa nayo zaidi ya miaka kumi, yaani kabla hajawa rais. Kazi inaweza ikauongezea mzigo moyo wa namna ile, hilo linaingia akilini, lakini kwa mtu mmoja huwezi kusema imemuua kazi. Ndo mana wanahesabu mamia.

mzee_mstaafu

Wanangu nimesoma yote nimefurahi, nami niweke langu. Nimetumikia serikali tangu kijana mpaka nastaafu, nimewaona mawaziri na nimewaona matarishi. Aliyekuwa anazeeka haraka si aliyekaa juu. Alikuwa ni yule wa katikati, anayelaumiwa kwa jambo ambalo hana uwezo wa kuliamua. Faili limekwama kwa bosi, wananchi wanamtukana yeye dirishani. Jioni anarudi nyumbani mshahara haujatoka. Nimewazika wengi wa namna hiyo kabla hawajafika pensheni.

Wangereza wamelitafiti hili. Kuanzia 1967 waliwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali London, mtafiti anayejulikana zaidi kwa kazi ile ni Michael Marmot. Walitarajia wakubwa ndo watakufa kwa moyo kwa sababu ya majukumu. Ikawa kinyume, wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha mara tatu ya wale wa juu. Sigara na mafuta vilieleza sehemu tu. Utafiti wao wa baadae ndo ukaonesha kwamba mtu asiyekuwa na amri juu ya kazi yake moyo wake uko kwenye hatari zaidi.

Kwetu hapa Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub alikaa kwenye kiti tangu 1911 mpaka 1960, kafa na miaka 81. Heshima yote alikuwa nayo, lakini maamuzi mazito yalikuwa kwa mwakilishi wa Uingereza, na lawama vile vile zikenda huko.

Na hao wazee wawili aliowataja kijana, mie naona siri yao ni namna walivyotoka. Mzee Mwinyi miaka ya sabini alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu wakafa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, yeye hakumgusa mtu lakini akajiuzulu. Akapelekwa ubalozi Misri, akapumua, ndo baadae akarudi akawa Rais wa Zanzibar na mwaka uliofuata wa Muungano. Mwaka 1995 kaondoka kwa muhula, akaishi takriban miaka 28 mingine akifanya mazoezi na kusali, mpaka alipofariki mwisho wa Februari 2024, tukamzika Mangapwani. Mzee Jumbe yeye aliondoshwa kwa shinikizo Januari 1984 kule Dodoma, ilikuwa mtihani mkubwa, lakini akaenda zake Mji Mwema Kigamboni akashika dini na kuandika, kaishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo. Mtu akiutua mzigo mapema mwili una pa kurudi.

mtoto_wa_kikwajuni

Shikamoo mzee wetu. Hili la kutoka sikuwa nimelifikiria kabisa, mie nilikuwa natizama tu mtu akiwa ndani.

karafuu_mbichi

Marahaba za mzee zitakuja, mie nipo Wete naomba nami niseme. Ule utafiti wa BMJ wa kulinganisha aliyeshinda na aliyeshindwa ni mzuri, lakini tizameni nchi zake: Ulaya, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Kule aliyeshindwa anampigia simu mwenzake anampongeza, kesho yake yuko shambani kwake na wajukuu. Kwetu jee?

Mchukueni Maalim Seif, kiongozi wetu wa upinzani Zanzibar. Alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984, kaondoshwa 1988, mwaka uliofuata kawekwa ndani mpaka 1991. Kagombea urais wa Zanzibar 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020. Januari 2001 watu wetu wamepigwa risasi huku Pemba, wengine wamekimbilia Shimoni Kenya kwa vidau usiku, na yeye ndo anayeulizwa na kila mama aliyefiwa, tunafanya nini Maalim? Hebu niambieni huyo anahesabiwa kama aliyeshindwa akaenda kupumzika? Kafariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, miaka 77, Muhimbili, akaja kuzikwa Mtambwe na kisiwa kizima kimesimama. Sisemi siasa ndo zilizomuua, chama chake kilishatangaza kwamba kapata korona. Ninachosema hakuwa na siku ya kuutua mzigo kama walivyoutua Mzee Mwinyi na Mzee Jumbe, na mzigo wenyewe alikuwa anaubeba bila ya kiti cha urais, bila ya daktari wa ikulu, na bila ya ile amri aliyoisema mzee hapo juu.

Kwa hiyo kwetu huenda hesabu ikatoka kinyume na ya wazungu, mwenye kuumia zaidi akawa mpinzani.

nesi_wa_chake

Hili ni la maana sana na sijaona mtu kalifanyia hesabu. Msongo unaodhuru ni ule usiokuwa na mapumziko, mwili unakaa na kotisoli, homoni ya msongo, juu mchana na usiku, presha inapanda, sukari inapanda, usingizi hakuna. Mwili haujui kama wewe ni rais au mpinzani.

mtoto_wa_kikwajuni

Basi mie naomba kama yupo mwanafunzi wa afya wa chuo kikuu chetu cha SUZA humu na bado hajapata mada ya utafiti aichukue hii. Tarehe za kuzaliwa na kufa za viongozi zinapatikana, za washindani wao pia, tangu uhuru wa nchi za Afrika mpaka leo. Wagawe makundi matatu, walioongoza, walioshindwa wakaachwa wakapumzika, na walioshindwa wakafungwa au kukimbia nchi. Mie niko tayari kusaidia kukusanya majina ya Zanzibar na bara, na mzee mstaafu kama afya inaruhusu atusaidie wa zamani ambao sisi hatukuwadiriki.